Trekta ya Kuingia Bandani

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke mmoja alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya mizani ya malori ya kiwanda cha saruji, akiandika uzito. Madereva walimjaribu kwa soda, kwa salamu ndefu, kwa habari za wagonjwa waliowaacha nyumbani, na wote waliondoka na namba ileile iliyosomwa na mashine. Wakamwita Mama Mizani. Jina likamfuata hadi nyumbani, na hata marehemu mumewe alilitumia kila alipotaka kumchokoza.

Mume alipofariki alimwachia nusu ya banda la ng'ombe. Nusu ya pili ilikuwa ya dada yake, wifi yake Mama Mizani. Majirani wakakaa mkao wa kusubiri ugomvi wa mawifi. Walisubiri hadi wakachoka. Mama Mizani aliacha kazi ya kiwandani, akashika chakula cha mifugo, mafuta na trekta. Wifi akashika ng'ombe wenyewe, ishirini na sita, akiwajua kwa tabia kama mwalimu anavyolijua darasa lake. Alijua nani hapendi kuguswa ubavu wa kushoto na nani akisikia kelele anazuia maziwa. Aliingia bandani alfajiri, akitoka kula tu, na siku nyingine hata chakula alikilia humohumo, amekaa juu ya ndoo.

Trekta waliyorithi ilikuwa imekula chumvi nyingi. Ikiwashwa ilitoa moshi mweusi, na kwa kuwa njia ya katikati ya banda ilikuwa nyembamba na paa la chini, moshi ule ulibaki ndani ukizungukazunguka kama mgeni asiyejua kuaga. Siku bloku ya injini ilipopasuka, waliitwa mafundi wawili, na wa mwisho alikuwa shemeji, mdogo wake marehemu, mwenye gereji yake mjini. Aliinama, akachungulia, akanyooka na kufuta mikono. Akasema hiyo si ya kutengeneza tena, ni ya kuzika.

Wakaenda kwa muuzaji, Mama Mizani na shemeji. Uwanjani palikuwa na trekta ndogo mbili za dizeli zenye upana wa kupita bandani. Ya kwanza ilikuwa na nguvu farasi ishirini na nne, injini ya kawaida, bomba la moshi kama bomba lolote. Ya pili ilikuwa na nguvu farasi thelathini na tano, na kwenye bomba lake palikuwa na mtungi mnene wa chuma. Muuzaji akaeleza kwamba ule mtungi ni filta ya masizi. Injini ndogo huachwa hivihivi. Hizi kubwa kidogo hutengenezwa na filta ili masizi yasitoke hewani. Filta ikijaa, mashine huyachoma yale masizi yenyewe kwa joto kali.

"Joto hilo linapatikana vipi?" Mama Mizani akauliza.

Muuzaji akasema kwa kufanya kazi. Trekta ikifanya kazi nzito kwa muda mrefu, filta inajisafisha bila mtu kujua.

"Na ikifanya kazi dakika kumi, ikazimwa, ikafanya tena dakika kumi?"

Muuzaji akautazama ule mtungi. Alikuwa mtu mkweli, au aliona huyu mama hadanganyiki. Akakiri kwamba hapo taa itawaka kila baada ya siku kadhaa, na itabidi trekta ipelekwe nje, mbali na majani makavu, ingurume nusu saa bila kufanya kitu, bomba likiwa la moto wa kuunguza. Mafuta ya injini nayo ni ya aina yake, si ya kuokota popote. Na ikigoma kabisa, mwenye kompyuta ya kuisoma anatoka mbali.

Njiani kurudi shemeji alikuwa na jibu tayari. Wachukue kubwa kwa ajili ya nguvu, yeye ataukata ule mtungi, ataunga bomba tupu, na kompyuta ataidanganya. Amekwisha kuwafanyia wengi, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Shemeji," Mama Mizani akamwambia, "nikikuruhusu, nitakuwa nimenunua moshi kwa bei ya hewa safi."

Shemeji akacheka, ila shingo upande.

Muuzaji alikubali kuwaletea kila trekta siku mbili wazijaribu. Mama Mizani alifanya alivyozoea: alipima. Alikata shuka kuukuu, akatundika kipande kwenye msumari katikati ya banda, kimo cha kichwa cha mtu. Siku mbili za trekta ndogo, akisukuma majani kwenye mahori asubuhi, mchana na jioni, kitambaa kikawa na rangi ya majivu. Akatundika kipya. Siku mbili za trekta yenye filta, kitambaa kilipata vumbi la pumba tu. Lakini mwisho wa siku ya pili taa ya rangi ya chungwa ikawaka, vilevile kama muuzaji alivyosema. Kazi za bandani zilikuwa fupi mno kwa mashine ile.

Katika siku hizo nne alisikia pia kitu kingine. Ile ndogo ikiwa ndani, wifi alikuwa akitoka kila mara, akipita mlango wa nyuma, na huko nyuma alikuwa akikohoa. Si kikohozi cha mafua. Kilikuwa kirefu, cha kujikunja, na kikiisha alifuta mdomo, akarudi ndani akiongea na ng'ombe kana kwamba alikwenda kumwaga maji. Siku mbili za ile kubwa hakutoka hata mara moja.

Jioni wifi alipokuwa akiosha ndoo, Mama Mizani akamwuliza kikohozi kile ni cha tangu lini. Wifi hakunyanyua macho. Akasema ni vumbi.

"Wifi, mimi nasema tuchukue ile yenye filta."

"Kwa sababu yangu?"

Mama Mizani akachukua ndoo iliyokwisha kuoshwa, akaiinamisha ikauke.

"Ukiinunua kwa sababu yangu," wifi akasema polepole, "basi mimi ni mgonjwa. Na mgonjwa hushindi naye bandani, unamwambia akapumzike. Mama yangu alianza hivyohivyo. Walimwonea huruma hadi wakamtoa kwa ng'ombe wake, na mwaka haukuisha tukamzika. Nunua ile ndogo. Fundi yupo nyumbani, ikiharibika anaitengeneza."

Usiku huo Mama Mizani alilala vizuri, maana alikuwa amekata shauri. Asubuhi, mbele ya wifi na shemeji, alisema ameangalia karatasi za yule muuzaji. Koleo la mbele la trekta ndogo linanyanyua kilo mia tatu na ishirini, basi. Na robota moja la majani yao lina kilo mia tatu na sitini.

Robota lilikuwa na kilo mia mbili na themanini. Yeye mwenyewe alikuwa amelipima, na shemeji ndiye aliyemsaidia kulipandisha kwenye mizani. Shemeji akafungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwongezea dereva hata kilo moja alikuwa ametia chumvi kilo themanini, macho makavu.

"Kama haiwezi kunyanyua, haiwezi," wifi akasema. "Kwa nini hukusema mapema?"

Ikanunuliwa ile kubwa, na mtungi ukabaki mahali pake. Mama Mizani alipanga kazi upya. Badala ya kuwasha mara sita kwa siku, alianza bandani, akaunganisha na kuvuta samadi hadi shambani, kisha kufyeka, trekta ikiwa bado ya moto. Taa ikapungua kuwaka, isipokuwa miezi ya mvua, shamba likiwa tope. Miezi hiyo wifi ndiye aliyejitolea kuitoa uani na kuiangalia ikijichoma, kwa kuwa, alisema, Mama Mizani ana kazi nyingi. Alivuta kiti mbali na lile joto, akakaa nusu saa na kikombe cha chai, akipigwa na upepo.

Haikuwa raha tupu. Mwaka wa kwanza haujaisha, trekta ilikataa kwenda zaidi ya mwendo wa kobe. Wakasubiri fundi wa kompyuta siku nane, wakilisha kwa toroli, mikono ikiota malengelenge. Kilichokuwa kimekufa ni kifaa cha kupimia joto, kidogo kama kidole. Shemeji alisimama nyuma ya yule fundi muda wote, akiuliza na kuandika. Siku hizi kwenye gereji yake kuna mashine ya kusomea trekta, na hakati tena mitungi ya watu.

Kikohozi cha wifi hakikuisha, kilipungua. Mwaka wa pili, bila kuulizwa na mtu, aliaga asubuhi kwamba anakwenda hospitali kupimwa kifua. Mama Mizani akauliza kama amsindikize. Wifi akasema hapana, abaki akamue. Alirudi alasiri na dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaiweka dirishani, akabadilisha nguo na kuingia bandani. Baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka ndani, akitaka kujua ni nani aliyewakamua hawa ng'ombe vibaya namna hii.