Jehanamu Kwenye Foleni ya Sukari

Juzi nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, Kariakoo. Mbele yangu ndugu wawili wenye Biblia walikuwa wakibishana juu ya Jehanamu.

"Mwenye dhambi anaungua milele," alisema mmoja.

"Sivyo, ndugu. Siku ya mwisho atateketea awe majivu, basi, amekwisha."

Mama aliyekuwa mbele yao, amejitanda kaniki, akageuka. "Ndugu zangu, mume wangu tumemzika Ijumaa. Alikuwa mlevi, na kanisani alishaacha kwenda. Sasa yuko wapi?"

"Anaungua," alijibu wa kwanza, bila hata kupepesa jicho.

"Bado! Sasa hivi amelala tu," alidakia mwenzake, akiigonga Biblia yake kwa kidole. "Moto wake unakuja."

Mama akakunja kikapu chake akaondoka bila sukari. Pole yangu ilimkuta mgongoni. Wale wawili wakasogea kuijaza nafasi yake, ubishi ukaendelea.

Hapa Kariakoo ukijikwaa tu, hata wasiokujua wanakupa pole. Huyu kazika mume, na mabingwa wa moto hawakuwa nayo hata moja! Kama foleni ya mbinguni nayo wametangulia hawa, basi na mimi nakunja kikapu changu.