Kivuli cha Bisibisi

Mwanamke aliyepiga deki kwenye makumbusho ya ndege hakujua kusoma, lakini ule ubao wa ukutani aliujua kuliko waliousomea. Ulitoka karakana ya jeshi. Kila spana na kila koleo ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, ili zana ikiondolewa, kivuli chake kibaki kikikodoa. Ndege ya kivita hairuki kivuli hata kimoja kikiwa wazi. Na kimoja kilikuwa wazi: cha bisibisi fupi.

Kila asubuhi alipangusa ubao mzima, na akifika kwenye kivuli kile mkono wake ulikizunguka wenyewe, kama anayekwepa kidonda.

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa ndege hizo. Wenzake walimwita Hesabu Mbili, maana alihesabu zana, akameza mate, akahesabu tena. Siku ndege ilipoanguka, rubani alirushwa nje na kiti chake akapona; mwenzake wa kiti cha nyuma hakuwahi. Bisibisi haikuonekana ubaoni. Ikasemwa imemezwa na injini, na Hesabu Mbili akavuliwa sare, akarudi nyumbani na jina la muuaji. Mkewe alilibeba naye. Bombani wanawake walimpisha kwenye foleni, si kwa heshima, bali kama mtu mwenye upele.

Miaka kumi na mmoja mume alihesabu vijiko. Vyombo vikishaoshwa, vijiko saba, mara mbili. "Nilihesabu, mama watoto. Ubao ulijaa." Akafa, lakini hesabu yake haikufa. Mjane kila alipomaliza kuosha na kuvihesabu vijiko mara moja, alimsikia nyuma ya pazia akivihesabu mara ya pili.

Kisha rubani yuleyule, sasa mstaafu mwenye viatu vya kung'aa, akaanza kuja kila Alhamisi kuwasimulia wageni. Akisimulia, aligusagusa mfuko wa ndani wa koti kama mgonjwa wa moyo.

"Injini ilimeza bisibisi," alisema. "Fundi alisahau. Chuma hakisamehe."

Wageni waliguna kwa huruma. Kumhurumia rubani, bila shaka.

Alhamisi ya tatu, wageni wa asubuhi walipotoka, mjane aliegemeza fagio lake la deki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo umesugua ndege yangu mpaka naona mvi zangu ubavuni. Mumeo ana bahati."

"Mume wangu yuko kaburini. Walimwita Hesabu Mbili."

Rubani alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye ngazi ya ndege.

"Aliniambia utaratibu wenu," mjane akaendelea. "Kabla ya kuruka, fundi na rubani husimama pamoja mbele ya ubao, wakahesabu, wakatia sahihi wote wawili. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi ulitia sahihi kivuli kikiwa wazi, au ubao ukiwa umejaa? Mimi sikusoma, mzee. Nieleze taratibu."

Mzee alitazama viatu vyake.

"Ulikuwa umejaa."

"Enhe."

"Nilirudi peke yangu baada ya sahihi. Kioo changu ndani ya ndege kilikuwa kinacheza. Nikachomoa bisibisi, nikakaza, nikaitia mfukoni. Nilipozinduka hospitalini niliikuta kwenye nguo zangu."

"Kwa hiyo injini haikumeza kitu."

"Haikumeza. Kilichoizima sikijui hadi leo. Lakini ningesema nimechukua zana kimyakimya, wangenivua mabawa ya urubani."

"Ukaona heri wamvue mwenzio ngozi."

Rubani aliingiza mkono mfukoni, palepale alipozoea kupagusa, akatoa bisibisi fupi yenye mpini wa njano uliopauka.

"Kila Alhamisi nakuja nayo. Nashindwa. Nisamehe, mama."

"Mimi sikuajiriwa kugawa msamaha, nimeajiriwa kupiga deki. Wageni wa saa nane wako mlangoni. Uliitoa wewe, irudishe wewe. Na uyaseme mbele yao uliyoniambia mimi."

Wageni waliingia. Mjane alisimama kando ya ubao, fagio mkononi, maji yakichuruzika hadi kwenye viatu vya mzee.

"Injini ilimeza..." alianza rubani kama kawaida yake. Akakwama. Akageuka, akaitundika bisibisi. Kivuli kikafunikwa ukingo kwa ukingo.

"Fundi wangu alihesabu sawasawa," alisema. "Niliichukua mimi. Nikanyamaza, na yeye akaitwa muuaji."

Wageni walitazamana. Mmoja akapiga makofi, wakafuata wote, wakidhani ndio mwisho wa onyesho. Mjane aliwaza: hata ukweli wameufanya mchezo!

"Msipige makofi," rubani alisema. "Ni kweli." Akayarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno. Mara hii hakuna aliyepiga kofi. Mama mmoja alimtazama mpiga deki, akamwona kwa mara ya kwanza, akavua kofia yake ya jua.

Jioni ile mjane aliosha vyombo. Alihesabu vijiko kimoja kimoja: saba. Akafunga bomba vizuri ili asikie, akageukia pazia, akasubiri hesabu ya pili.

Haikuja. Alisubiri mpaka vijiko vikakauka, kisha akaketi sakafuni, akavihesabu mwenyewe.