Ruhusa ya Kusema But

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alipalilia mashamba ya mbegu Kilangali kwa kibarua mpaka nikamaliza ualimu, na kiuno chake kikaishia huko. Kwa hiyo hoteli moja ya Mikumi ilipotafuta mhudumu wa mezani anayejua Kiingereza, nikasema hapa hapa. Kazi hii ataipata, apende asipende.

Nilimfundisha jioni uani kwetu Kilosa, huku tunachambua mchele. Maneno alikuwa nayo, kuyaunganisha ndiyo ilikuwa shughuli. "I am late. Rain." Nikamwambia aweke because katikati. Akaiweka, akaipenda, akawa anaitia kila mahali mpaka jirani naye akaijua. Na but, yaani lakini, aliimudu vizuri kabisa. Nikajua tumemaliza.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Meneja alikuwa mzee, kichwa cheupe. Mama mdogo akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaingia kwenye Kiingereza. Mzee akasema Kilosa ni mbali, utachelewa kila siku. Jibu tulikuwa tumelifanyia mazoezi wiki nzima: Kilosa is far, but I will live here. Yeye akasema, "Yes, sir." Basi! Akaambiwa anaweza kwenda.

Nilimvaa pale pale mlangoni. "But iko wapi?"

"Wewe mtoto una wazimu? Mzee mzima anasema, mimi nimrushie lakini usoni? Nani alinilea hivyo?"

Nilikasirika, halafu nikataka kulia, maana adabu hiyo hiyo ndiyo aliyonilea nayo. Nikamwambia basi rudi, kamwombe ruhusa. Akanitazama kidogo, akaweka mtandio sawa, akapiga hodi.

"Samahani mzee wangu. Kwa ruhusa yako, nina lakini moja."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Haya sema, mwanangu."

Akaisema yote bila kukosea. Kazi akapewa.

Siku ya kuhama nilimbebea begi mpaka stendi ya Kilosa, nikijifanya nina haraka. Basi lilipowashwa nikamng'ang'ania mkono kama mtoto wa chekechea. "Mama, usiende. Nitakula na nani?"

Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "I love you," akasema, "but I am going."

Mimi hakuniomba ruhusa.