Dawa Mbili za Ganzi na Mguu wa Fundi Mwashi

Kipande cha barafu kinateleza juu ya paja la fundi mwashi aliyelala chumba cha upasuaji.

"Unasikia baridi?" anauliza muuguzi wa usingizi.

"Wala, mama. Kama vile unampapasa mtu mwingine."

Muuguzi anacheka ndani ya barakoa. "Haya, nyanyua mguu." Mguu unatikisika kidogo, kisha unagoma.

Wagonjwa humwita muuguzi huyu Mama Ganzi. Kazi yake ni kupitisha dawa kwenye mrija mwembamba mgongoni, mtu apasuliwe mguu akiwa macho.

Aliyemkosesha raha ni fundi huyuhuyu. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akawekewa chuma mguuni. Hadi jioni ganzi ilikuwa haijaisha, miguu mizito kama magogo.

"Mke wangu akaanza kulia. Mimi nikajikaza, lakini moyoni nilishajua nimepooza," anasimulia fundi. "Nani angenipandisha jukwaani tena?"

Miguu ilirudi, ila Mama Ganzi alibaki na swali. "Nikamuuliza daktari, hivi hakuna dawa ya kuzima maumivu bila kuufunga mguu muda wote huo?"

Daktari alimjibu kwamba ipo nyingine, wailinganishe na ile ya zamani. Tangu hapo, mgonjwa anayekubali hupewa mojawapo. Daktari ndiye anayejaza sindano. Mama Ganzi haambiwi ni ipi.

"Nikijua ni ipi, nitaipendelea ile mpya. Na mimi ni binadamu," anasema.

Leo fundi amerudi kutolewa chuma, naye amekubali kupewa mojawapo. Nyundo inapoanza kugonga, anapaza sauti: "Daktari, taratibu! Huo si ukuta!" Chumba kizima kinaangua kicheko.

Mchana, wodini, mkewe amekikodolea macho kidole gumba cha mguu wa mumewe. Ghafla kinacheza.

"Baba watoto, umekiona?" anauliza huku akijifuta machozi.

"Nimekiona," anajibu fundi, uso umekunjamana. "Na kidonda nacho kimeniona."

Mama Ganzi anamwongezea dawa ya maumivu, kisha anasimama pale kitandani akiwaza. Mguu umeamka mapema, maumivu nayo yameamka mapema. Ni aina ya dawa, au ni kipimo, yaani kiasi alichopewa? Mgonjwa mmoja hatoshi kumpa jibu.

Ulinganisho ukiisha, anataka waanze kuchunguza vipimo vya dawa.

"Natamani siku moja nimwambie mgonjwa kabla sijamchoma: mguu wako utaamka kwanza, maumivu yatabaki yamelala," anasema. "Na yasiwe maneno ya kumtia moyo tu."