Kipande cha Paipu Kilichobaki

Siku za Imajensi, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, nilikuwa mkunga huko Meru, nami mwenyewe mja mzito wa miezi saba. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli ya kukunja ambayo mume wangu aliinunua kwa mwanajeshi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Usukani wake ulikuwa chini mno. Kila nikikanyaga pedali, magoti yalinigonga tumbo, na akina mama wa sokoni Gakoromone walinicheka, eti nimeamua kuzalia barabarani.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa baiskeli, mtaa wa Majengo, pamoja na paipu kuukuu ya maji niliyoiokota nyuma ya zahanati. Alikata kipande cha shubiri moja, akakiingiza kwenye shingo ya usukani, akakaza bolti, akaniambia nijaribu. Mgongo ukanyooka, nikapumua. Mzee huyo alikuwa na mwiko wake: habaki na mali ya mteja, hata msumari. Paipu iliyosalia akaifunga kwa gazeti, akaniwekea kikapuni, nami nikashukuru. Wajinga sisi wawili. Nani hakujua kwamba bunduki za msituni zilitengenezwa kwa paipu za maji?

Kwenye kizuizi cha barabarani, homugadi, mgambo wa serikali, alifungua lile gazeti, akanitazama tumbo, kisha uso.

"Hii umekatiwa na nani?"

Ningependa kusema nilisita. Nilimtaja fundi pale pale. Watu walikuwa wakinyongwa kwa kupatikana na risasi moja tu, na mimi nilijifikiria mimi na mtoto wangu. Wakabaki na baiskeli, nikaenda nyumbani kwa miguu. Jioni ile ile wakamchukua fundi.

Alikaa ndani siku nne. Nilijua akinyongwa, aliyemnyonga ni mimi. Mwishowe walilinganisha kipande cha usukani na kile cha kikapuni, wakaona ni paipu moja, iliyokatwa kwa ajili ya baiskeli na si bunduki, wakamwachia. Nikaenda Majengo na sukari na aibu yangu. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkono wa kulia umevimba hadi kwenye kiwiko.

"Mzee, nisamehe. Ni mimi nilitaja jina lako."

"Najua, mama. Ungenyamaza, ungezalia huko ndani. Sasa mimi ningelala aje?"

Nilitamani anitukane. Alinisogezea kiti kwa mkono ule mzima, akaniuliza kama mtoto anacheza tumboni.