Kingori Wawili na Deni la Ng'ombe Mmoja

Saa moja asubuhi, mtaa wa Majengo mjini Nyeri, baridi ya Julai inapenya mpaka mifupani, lakini Kingori Wamae ameshaanza kazi. Ameketi mbele ya mashine yake ya kufuma, blanketi magotini, akisukuma mkono wa mashine kushoto, kulia, kushoto. Sweta ya rangi ya damu ya mzee inateremka taratibu. Ni ya mtoto wa darasa la tatu.

Wapita njia humchungulia dirishani. Wengine bado huona kichekesho mwanamume mzima kufuma masweta. Kingori huwauliza kwa upole watoto wao watavaa nini shule zikifunguliwa, na wengi wa wale waliokuja kucheka huishia kuulizia bei.

Kingori, mwenye umri wa miaka 31, aliachiwa mashine hiyo na mama yake. Kwa siku hutoa sweta tatu, nne akijikaza, na kila moja humwachia faida ya shilingi kumi na tano. Mwaka huu wa 1986 shule tatu zimemwagiza masweta mia nane ya kufungulia Januari. Kwa mashine moja hiyo ni ndoto, hata kama angefuma Jumapili, jambo ambalo mkewe, Ngendo, hataki hata kulisikia.

Dawa ni mashine ya pili, na bei yake ni shilingi elfu tisa. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Kwa miaka minne Kingori amekuwa akiweka shilingi hamsini kila mwezi katika chama cha kuweka na kukopa hapa mjini, bila kuruka hata mwezi mmoja. Alitafuta wadhamini wawili wa kuaminika, mmoja wao mwalimu mkuu. Mwaka juzi akaomba mkopo, akanyimwa. Mwaka jana akaomba tena, wakamnyima tena. Hakuna aliyemweleza sababu, naye hakuuliza.

"Nilifikiria ni hii kazi yangu," asema. "Nikasema labda wanaona kufuma ni kazi ya wamama."

Mwezi wa tano uvumilivu ulimwishia. Alikwenda ofisini, akakaa kwenye benchi, akamwambia karani, Bwana Mutahi, kwamba haondoki mpaka asomewe kilichoandikwa juu yake. Mutahi aliguna, akafungua kabati, akatoa kadi moja kuukuu. Ilisema kwamba Kingori Wamae wa Kiganjo alikopeshwa ng'ombe wa gredi, yule wa kizungu wa maziwa mengi, mwaka 1969, kwamba amebakiza shilingi mia nne na themanini, na kwamba asikopeshwe tena.

Mwaka huo Kingori alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne. Hakuwa na kuku hata mmoja, sembuse ng'ombe.

Msomaji wa huku milimani pengine ameshang'amua. Kwa Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mzee Kingori wa Kiganjo, babu yake fundi huyu, ni mwana wa Wamae. Alipopata mwana alimwita Wamae, na Wamae naye alipopata wake akamwita Kingori. Basi babu na mjukuu wote ni Kingori Wamae, na kadi ile ya zamani haikuwa na nambari ya kitambulisho ya kuwatenganisha.

Mutahi alimpa njia ya mkato. Alete kitambulisho, aandike kwamba yeye si yule mdaiwa, deni limfuate mzee, basi. Kingori alishukuru, akaondoka bila kuandika neno.

Alimjua babu yake. Mzee ana miaka themanini na ushee, na jambo analojivunia kuliko shamba lake ni kwamba hajawahi kudaiwa hata chumvi ya dukani. Kumwambia kwamba jina lake linakaa kabatini pamoja na majina ya wasiolipa kungekuwa kumpiga kofi mbele ya watu. Lakini asipomwambia, hakuna mashine, na shule zote tatu zingemtafuta fundi mwingine Karatina.

Jumamosi alikwenda Kiganjo, akashindwa kusema. Aliyemtoa maneno ni bibi yake, Wakonyo, ambaye humwita mjukuu huyu mume wake kwa kuwa amebeba jina la mumewe. Aliona sahani ya irio haijaguswa.

"Mume wangu, wewe hukatai chakula yangu bure," alimwambia. "Sema."

Akasema yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, maana yeye alikuwa na hakika kwamba deni hilo aliliua zamani. Ng'ombe yule alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kabla hajakaa mwaka. Mzee akafanya kama walivyofanya baba zake. Mnyama wa mtu akikufia mikononi, unampelekea mwenyewe ngozi ili aone hukumla kwa siri, na mambo huishia hapo. Aliichuna ngozi, akaikausha, akaifunga kwenye baiskeli mpaka Nyeri, akaitandika juu ya meza ya karani wa siku hizo. Karani alibaki ameduwaa, akasema asante. Mzee akarudi nyumbani roho ikiwa kunjufu.

"Wangesema hawataki ngozi, wanataka pesa, ningelipa," mzee anamweleza mwandishi huyu, bila kuyumba. "Hakuna mtu alisema."

Kicheko chake hakikudumu. Kilichomchoma si zile pesa.

"Huyu mtoto wamemnyima juu yangu," alisema, akiishika sweta aliyovaa. "Na mimi nimekaa hapa navaa sweta yake."

Kingori anasimulia kwamba siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona babu yake akilia, na kwamba yeye mwenyewe alilia zaidi.

Jumatatu mzee aliuza kondoo wawili, akavaa koti lake la kanisani, wakateremka mjini pamoja. Alilipa deni lote. Mutahi akafungua kadi mbili mpya, kila moja na nambari yake ya kitambulisho. Mzee alidai risiti, akataka isomwe kwa sauti watu wa kwenye benchi wasikie.

Siku hizi Kingori amekuwa mshauri wa bure Majengo. Huwaambia vijana waweke akiba kidogo kidogo bila kukatiza, na wachague wadhamini wanaolipa madeni yao wenyewe.

"Ukinyimwa, usiende nyumbani kununa," asema. "Uliza wameandika nini juu yako. Mimi nilipoteza miaka miwili kwa kuona haya."

Kamati ya mikopo itakaa mwisho wa mwezi huu. Mutahi hataki kumwahidi kitu, ila anakiri kwamba sasa haoni cha kumzuia. Kingori ameshasogeza kitanda kupisha mashine ya pili, ambayo kijana wa kibarua ataisukuma mpaka Ngendo apate nguvu za kuishika mwenyewe, kwani Novemba wanatarajia mtoto wao wa kwanza.

Akiwa mvulana ataitwa Wamae Kingori, jina kamili la baba yake Kingori, dereva wa lori kule Nanyuki ambaye wenye maduka wanamjua kwa kuchukua leo na kulipa siku nyingine. Kingori amekwisha kumfuata huko.

"Nimemwambia baba, uko na mpaka Novemba," asema, mkono wa mashine ukiwa umesimama. "Azunguke kila duka alipe. Mtoto wangu hatazaliwa akidaiwa."