Mfuko wa Nguo Ndogo

Tangu ajifungue, miezi saba sasa, hawezi kusimama bila kuyumba. Akipanga foleni dukani anayumba, akikoroga uji anayumba, na mkono wake wa kulia hupigapiga chochote ulichoshika, uwe mkate au bega la mumewe. Leo kaja kumwona mtoto wa mdogo wake, mwenye siku tisa tu duniani. Mgongoni kambeba wake, mkononi ana mfuko wa nguo zisizomtosha tena. "Zote zenu!" alitangaza mlangoni, kisha akamshusha wake mkekani, akaketi na kuanza kuzitoa moja moja. Akatoa fulana, akainusa, akaikunja, akairudisha. "Hii bado inamwingia." Akatoa soksi. "Hizi alizivaa siku aliyocheka mara ya kwanza." Nazo zikarudi mfukoni. Akatoa kofia.

"Dada," mdogo wake akasema, akilitazama lile pande la mtoto lililokaa mkekani, "hiyo haimtoshi hata gotini."

"Ni joto tu, kichwa kimevimba kidogo."

Akanyanyuka kumpokea yule mgeni wa siku tisa. "Njoo kwa mama mkubwa." Mtoto alikuwa mwepesi kama taulo. Akamtazama wa mkekani, akamtazama wa mkononi. Polepole akazitoa zile soksi, akamvika, akamrudisha kwa mamaye.

Wakati wa kuaga alisimama mlangoni, wake mgongoni, mfuko kaukumbatia kifuani, akiyumba na kuupigapiga.

"Dada, huo umeshalala," mdogo wake akanong'ona. "Nenda nao taratibu, usije ukauamsha."